Mbwa na Paka Sufuria Inapofunuliwa

Saa ya chakula cha jioni katika kambi ya askari haihitaji kengele. Kabla kifuniko cha sufuria hakijainuliwa, mbwa ambaye mchana kutwa alilala usingizi wa pono chini ya mwembe huwa amekwisha simama mlangoni, masikio juu, mkia ukifagia vumbi. Paka naye, aliyeitwa tangu asubuhi asiitike, hutokea ghafla miguuni pa mama, akijisugua na kulia kwa sauti nyembamba kama mwana mkiwa. Watoto hucheka. Baba, akiwa ndiyo kwanza amevua buti, hutupa tonge. Mama hukemea. Basi mchezo wa kila siku huwa umeanza.

Mchezo huo huchekesha, wala si vibaya kuucheka. Lakini ndani yake mna mambo mawili ambayo jamaa wengi hawayatambui. La kwanza ni kwamba kila kituko cha mnyama karibu na chakula kina asili yake, na mwenye kuijua asili hiyo hutawala jiko lake bila fimbo. La pili ni zito zaidi. Mtu anayezijua vyema tabia za mnyama wake wakati wa kula ndiye atakayekuwa wa kwanza kutambua siku tabia hizo zitakapobadilika; na pengine mabadiliko hayo ndiyo onyo pekee atakalolipata kabla ya mtoto kuumwa.

MBWA NA SAA YAKE

Mtaalamu wa Kirusi, Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849 na kufariki mwaka 1936, alipata sifa duniani kwa kulichunguza jambo ambalo kila mpishi hulijua. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunguza namna chakula kinavyosagwa tumboni, nayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Katika kupima mate ya mbwa, yeye na wasaidizi wake waliona kwamba mate yalianza kutoka kabla ya chakula kuletwa: mbwa alipomwona tu mtu mwenye kumlisha, au alipozisikia nyayo zake. Baadaye Pavlov alitumia sauti zisizo na uhusiano wowote na nyama. Sauti hizo zilipotangulia chakula mara nyingi, mbwa alidondoka mate kwa kuzisikia peke yake.

Katika nyumba ya askari sauti hiyo huwa ni mwiko ukikwangua ukoko, kifuniko kikigonga meza, au buti za baba zikikaribia mlango jioni. Mbwa hajui kusoma saa, lakini amejifunza mfuatano wa mambo. Akisikia la kwanza, mwili wake hujiandaa kwa la mwisho. Kwa hiyo si haki kumwita mlafi kwa sababu amedondosha mate mbele ya wageni. Mate hayo hayatoki kwa ruhusa yake.

Ni kwa mafunzo ya namna hiyo hiyo ndipo ombaomba wa mezani huzaliwa. Siku ya kwanza mbwa huweka kidevu gotini pa mtu, akamkazia macho. Mtoto humwonea huruma, akamdondoshea kipande. Siku ya pili baba amekataza, naye hapewi kitu. Siku ya tatu mgeni anamtupia mfupa. Wazazi hudhani kwamba kupewa mara chache kutamkatisha tamaa, kumbe kinyume chake ndicho hutokea. Mnyama anayelipwa leo, akanyimwa kesho, akalipwa tena bila utaratibu, huomba kwa bidii na kwa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupewa kila mara, kwa kuwa hajui bahati yake itaangukia siku gani. Mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono ambao huwa mtupu leo na kesho umeshika nyama, mbwa hataacha kuufuata.

Nyumba inayotaka kula kwa amani sharti iwe na amri moja, ifuatwe na wote, kuanzia mkubwa wa nyumba hadi kitinda mimba: mezani mbwa hapewi kitu, bali chakula chake kipo, mahali pake na saa yake. Askari hawahitaji kuelezwa hasara ya amri mbili zinazopingana.

Kuna desturi nyingine inayowachekesha watoto na kuwachukiza wageni. Baba anaporudi kazini, mbwa humrukia na kutaka kumramba mdomo. Wengi husema ni mapenzi, na mapenzi yamo, ila asili yake ni njaa. Mbwa ni wa ukoo wa mbwa-mwitu wa nchi za kaskazini. Katika ukoo huo wakubwa huenda mawindoni, na warudipo watoto huwaramba midomo ili wakubwa watapike sehemu ya nyama waliyokula huko porini. Hivyo mbwa wa kambini humuuliza bwana wake swali lililoulizwa pangoni maelfu ya miaka iliyopita: umetuletea nini?

KUMEZA BILA KUTAFUNA

Mama mwenye kujali adabu ya mezani huudhika aonapo mbwa akimaliza bakuli zima kabla mtoto hajamaliza tonge la tatu. Lakini huo nao ni urithi. Mbwa-mwitu hula kwa kundi, na mwenye kuchelewa hukuta mifupa. Mmoja wao huweza kula hadi kilo 9 za nyama kwa mlo mmoja, kisha akakaa siku kadhaa bila kitu. Meno ya mbwa, ambayo ni 42, yameumbwa ili kukamata, kukata na kuvunja, wala hayasagi kama ya ng'ombe. Kwa hiyo yeye hukata na kumeza, tumbo likafanya kazi iliyobaki.

Hata hivyo mbwa amebadilika kwa kuishi na watu. Mwaka 2013 wataalamu walioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walitangaza kwamba mbwa wa nyumbani amerithi nakala nyingi zaidi za chembe ya urithi inayosaidia kusaga wanga kuliko mbwa-mwitu. Kwa maneno mengine, kukaa kwake kando ya meko ya wakulima kulimpa tumbo linaloiweza nafaka. Ndiyo sababu mbwa wa kambini aweza kufaidi posho na ukoko, mradi achanganyiwe na dagaa, mchuzi au vipande vya nyama.

Akishiba na kubakiwa na mfupa, mbwa huuchukua kimya kimya hadi nyuma ya nyumba, akachimba kwa miguu ya mbele na kuufukia kwa pua. Bustani ya sukuma wiki huharibika, na mama hupandwa na hasira. Mbwa hakukusudia uharibifu. Ameweka akiba, kama mwangalizi wa ghala anavyohifadhi mgao wa kesho. Dawa yake ni kumpa mfupa mkubwa mbichi mahali maalumu, kisha kumwondolea akisha ridhika nao.

Hata unywaji wake una kichekesho. Mbwa akinywa maji hukunja ncha ya ulimi kuelekea nyuma kama upawa, akayazoa kwa nguvu, na sakafu nzima ikalowa. Paka, aliye karibu naye, hanyunyizi hata tone. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walionyesha sababu kwa picha za mwendo wa kasi: paka hugusa tu uso wa maji kwa ncha ya ulimi, huuvuta juu upesi, na uzi mwembamba wa maji humfuata, akaufunga mdomoni kabla haujaanguka. Hufanya hivyo kiasi cha mara nne kwa sekunde moja.

MWIZI AJUAYE GIZA

Mbwa huiba vipi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, walijaribu kuwakataza mbwa chakula kilichowekwa sakafuni, mara chumba kikiwa na mwanga, mara kikiwa na giza. Gizani mbwa waliiba mara nyingi zaidi. Naam, mama wa nyumbani aliyeacha nyama juu ya jiko taa ikazimika hakuhitaji chuo kikuu kumwambia hayo.

Lakini uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2009 na mtaalamu wa Marekani Alexandra Horowitz, wafaa kusomwa katika kila nyumba yenye fimbo nyuma ya mlango. Watu wengi huapa kwamba mbwa mwizi hujulikana kwa uso: huinamisha kichwa, hubana mkia, hukwepa macho. Mtaalamu huyo aliwapanga wenye mbwa ili wengine wawakemee mbwa ambao hawakula kitu chochote kilichokatazwa. Ikadhihirika kwamba sura ile ya kukiri kosa ilitokea kwa sababu ya kukemewa, awe mbwa amekula au hakula. Asiye na hatia alijikunyata sawa na mwenye hatia. Mbwa anayepigwa nusu saa baada ya nyama kupotea hajifunzi kwamba wizi ni mbaya. Hujifunza kwamba bwana wake huwa hatari baadhi ya nyakati. Na mbwa mwenye hofu ndiye mwepesi wa kuuma.

PAKA NA UKAIDI WAKE

Paka ana desturi za namna nyingine. Humlilia mama kwa dakika kumi, kisha awekewapo chakula hunusa, hupiga teke la hewa pembeni mwa sahani kana kwamba anafukia uchafu, halafu huenda zake. Mama huona ametukanwa.

Yafaa ieleweke kwamba paka wa nyumbani ni mzao wa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama anayewinda peke yake. Windo lake ni dogo: panya, mjusi, ndege. Kwa sababu hiyo hakuumbwa kula bakuli zima kwa mara moja, bali vijilo vidogo vingi mchana na usiku. Chakula asichokimaliza hukifukia, au hufanya ishara ya kukifukia hata kama sakafu ni ya saruji. Hupenda chakula chenye uvuguvugu kama wa mwili wa panya aliyeuawa sasa hivi. Samaki aliyelala usiku kucha mahali pa baridi si kitu kwake mpaka apashwe moto kidogo.

Wengi pia humdhania paka kuwa mpenda sukari kwa kuwa wamemkuta na maziwa ya chai au keki. Mwaka 2005 wataalamu walitambua kwamba chembe ya urithi inayowawezesha wanyama wengi kuonja utamu imeharibika katika paka. Hawezi kuonja sukari hata kidogo. Anachokitafuta katika keki ni siagi. Na maziwa yenyewe, ambayo vitabu vya watoto huyafanya chakula chake kikuu, huwaharisha paka wengi wakubwa. Kinywaji cha paka ni maji safi.

Hapa ndipo jamaa wengi wanapomdhulumu paka bila kujua. Mbwa aweza kusukuma siku kwa posho, lakini paka hawezi. Paka sharti ale nyama au samaki, kwani humo hupatikana taurini, lishe ambayo mwili wake hauwezi kuitengeneza kwa kiasi cha kumtosha. Akiikosa kwa muda mrefu, macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Nyumba inayomtupia paka posho tupu, kisha ikamrushia kiatu akinyakua mukene, imemfundisha wizi yenyewe. Dagaa wachache kila siku, pamoja na panya anaojitafutia, humfanya paka awe raia mwema.

PAKA ALIYEPEWA NISHANI

Urafiki wa mtu na paka ulianzia kwenye akiba ya chakula. Wakulima wa kwanza walipoweka nafaka, panya walikuja. Panya walipokuja, paka aliwafuata. Mwaka 2004 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Cyprus kaburi la miaka 9,500 hivi, ambamo paka alizikwa karibu na mtu.

Wanajeshi nao wana kisa chao. Mwaka 1949 manowari ya Uingereza iitwayo Amethyst ilishambuliwa katika Mto Yangtze, nchini China, ikazuiliwa humo kwa zaidi ya miezi mitatu. Ndani yake alikuwamo Simon, paka mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye baharia alimwokota katika bandari ya Hong Kong mwaka 1948. Simon alijeruhiwa na mizinga iliyowaua baadhi ya mabaharia. Joto likawa kali, chakula kikapungua, na panya wakaishambulia akiba iliyobaki. Paka yule, majeraha yake yalipoanza kupona, alirudi kazini akawaua panya siku baada ya siku mpaka meli ilipotoroka. Alikufa Novemba mwaka huo huo akiwa karantini nchini Uingereza, akatunukiwa Nishani ya Dickin, iliyoanzishwa mwaka 1943 kwa ajili ya wanyama waliotumikia vitani. Hakuna paka mwingine aliyeipata.

Husimuliwa kwamba Simon alikuwa na desturi ya kumwachia nahodha panya waliokufa kitandani. Akina mama wengi wanaijua zawadi hiyo, ingawa wao huipata mbele ya jiko. Paka jike mwenye watoto huwaletea kwanza windo lililokufa, kisha lililo hai nusu, ili wajifunze. Basi paka anayemwekea mama panya miguuni hakukusudia kumtia kichefuchefu. Amemtendea kama mmoja wa jamaa, tena jamaa asiyejua kuwinda. Panya aondolewe kwa karatasi, mahali pasafishwe, na paka asipigwe. Anayempiga paka kwa kuleta panya hana haki ya kulalamika panya wakitoboa gunia la unga.

MAKOMBO, VYOMBO NA JIRANI

Si kila kombo linafaa kuwa chakula cha mnyama. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama sindano na yaweza kutoboa utumbo. Kitunguu, kiwe kibichi au kilichoungwa katika mchuzi, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na hasa ya paka. Chokoleti ni sumu kwao. Mchuzi wenye chumvi nyingi na pilipili hauwafai. Sehemu ya mnyama itengwe kabla ya viungo kutiwa, na gharama yake haizidi bakuli moja.

Nyumba za kambi zimekaribiana, na dini ndani yake ni zaidi ya moja. Kwa Waislamu paka si najisi, lakini chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa anayeachwa azurure kutoka jiko hadi jiko saa ya futari aweza kuvunja ujirani wa miaka mingi kwa mrambo mmoja. Kumfunga au kumlisha mbwa kabla ya jirani kuweka vyombo nje ni heshima isiyogharimu kitu.

Tena liko jambo la afya. Katika nchi za wafugaji, hasa Turkana nchini Kenya na jirani zake Karamoja nchini Uganda, unajulikana ugonjwa wa haidatidi. Mnyoo mdogo wa milimita chache huishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika katika manyoya na mdomo, yakaingia kwa mtu kupitia mikono au vyombo. Mwilini mwa mtu hufanya uvimbe wa maji katika ini au mapafu, nao hukua polepole kwa miaka hadi ukahitaji upasuaji. Mbwa mwenyewe huupata mnyoo huo anapotupiwa maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia yenye uvimbe huo. Kwa hiyo siku ya kuchinja, iwe ya Krismasi, Idi au arusi, viungo vyenye uvimbe vichomwe au vifukiwe kwenda chini sana, na vinavyofaa vichemshwe kabla ya kumpa mbwa. Sahani za watu zisigeuzwe vyombo vya mbwa, na dawa ya minyoo itolewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

MTOTO KARIBU NA BAKULI

Mbwa mpole kuliko wote huweza kubadilika akiwa na mfupa mdomoni. Huganda, hukaza shingo, hutazama kwa pembe ya jicho, pengine hunguruma kwa ndani. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema "usisogee". Mtoto wa miaka mitatu haijui lugha hiyo. Huona rafiki yake anakula, akaenda kumkumbatia. Ndipo meno hukutana na uso.

Amri ya nyumba iwe wazi: mbwa anapokula, na paka vilevile, hakuna mtoto anayemkaribia, kumvuta mkia, wala kumnyang'anya. Bakuli liwekwe mbali na njia ya jikoni. Wala mbwa anayenguruma asipigwe kwa kunguruma, kwa maana akinyamazishwa kwa fimbo, siku nyingine atauma bila kutoa onyo.

MNYAMA ANAPOBADILI ULAJI

Sasa limefikiwa jambo ambalo kwalo yote yaliyotangulia yanastahili kukumbukwa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Mbwa ndiye huwaambukiza watu katika visa 99 kati ya 100, na watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha tokea kwa mtu, kupona ni kwa nadra mno.

Ugonjwa huu mara nyingi hujitangaza kwenye bakuli. Mbwa aliyekuwa wa kwanza kufika mlangoni mwiko ulipogonga sufuria, leo haji. Akija, hunusa na kuacha. Hutafuna mawe, vijiti au udongo, vitu ambavyo hakuvizoea. Huenda kwenye maji, akashindwa kuyameza. Taya lake hulegea, mate yakamtiririka, sauti ikabadilika. Mwingine aliyekuwa mpole huwa mkali, na aliyekuwa mkali huwa mpole kupita kiasi.

Hapa huja hatari inayowapata hasa watu wema. Bwana humwona mbwa wake amefunua kinywa, anadondoka mate na hawezi kumeza, akasema: amekwamwa na mfupa. Humshika kichwa, akaingiza mkono kooni kuutafuta mfupa ambao haumo. Kirusi cha ugonjwa kimo katika mate, na mkwaruzo mdogo wa jino au kidonda kidoleni humtosha kuingia. Basi iwe sheria katika kila nyumba: mbwa au paka anayeshindwa kumeza ghafla haingizwi mkono kinywani. Afungiwe mahali salama bila kuguswa, watoto waondolewe, na daktari wa mifugo aitwe. Paka pia huupata ugonjwa huu, na kung'ata kwake si jambo la kucheka.

Mtu akiumwa, kukwaruzwa, au kurambwa penye kidonda na mnyama anayeshukiwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Lisipakwe pilipili, mafuta, udongo wala mitishamba. Siku hiyo hiyo aende hospitali kupewa chanjo, naye amalize sindano zote alizoandikiwa. Asidanganywe na jeraha lililopona, kwa kuwa ugonjwa huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu kujitokeza, na pengine zaidi. Chanjo ya kuwaokoa walioumwa imejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomtibu nchini Ufaransa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa. Baada ya miaka yote hiyo, kinachowaua watu wengi ni kuchelewa, au kudhani kwamba mkwaruzo ni jambo dogo.

Kinga yenyewe ni rahisi kuliko tiba. Watoto wa mbwa na wa paka huchanjwa wafikapo miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa wakati uliowekwa, mara nyingi kila mwaka. Ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo mahali pa kuulizia. Kambi ikikubaliana kuwapeleka wanyama wote siku moja, hakuna atakayesahauliwa, na mbwa wa jirani asiyechanjwa hatakuwa mlango wa kuingilia ugonjwa.

Basi jioni ya leo mwiko utakapogonga sufuria, jamaa na watazame. Amekuja mbio kama jana? Amekula? Amekunywa maji akamwaga nusu sakafuni, kama ilivyo desturi yake? Yakiwa ni hayo, na acheke kila mtu, na sakafu ipigwe deki. Yasipokuwa hayo, kicheko kingoje, na mtoto awekwe mbali mpaka sababu ijulikane.